Hodi kwa Seli Tupu

Ofisi ya maziwa, Molo. Baridi ya saa kumi na moja.
Nabonyeza kitufe, natereka birika,
nakunywa vikombe viwili:
jumla bado inatafutwa.

Nani aliiandikia fomula "safu nzima"?
Mimi. Mwaka juzi, kwa uvivu.
Lita tisa za Tabutany
zikabisha hodi milango milioni,
seli tupu, zisizo na ndoo wala ng'ombe.

Leo nimepiga kigingi:
mstari wa pili hadi wa mia nne na kumi na mbili.
Jibu likatoka
birika halijaanza hata kuimba.

Mlangoni, Gathogo na mtungi wake mmoja,
fomu ya uanachama ingali na wino mbichi.
Mia nne na kumi na tatu.

Karibu, namwambia,
nikiking'oa kigingi.