Ngazi na Mkarafuu

Niliingia darasani, Wete, Jumatatu ya msimu,
nusu ya madawati matupu: wenyewe wako juu ya mikarafuu.
Ubaoni, kima.
Mkia umejikunja kama alama ya kuuliza,
na puani kavishwa miwani yangu.
Chini yake, kwa hati safi nisiyoiona madaftarini:

Kima kashuka mtini, kavaa na suruali,
kaingia darasani, atufunze kwa ukali.

Nikahesabu mizani. Imetimia. Vina vimekaa.
Nikasema, aliyetunga ana alama tano kwangu,
aliyechora atafuta ubao.
Hakuinuka mtu.
Raya Shaame, wa dirishani, akauliza bila kucheka:
"Kwani sie babu yetu nani, mwalimu?"

Kitabu chetu kina picha ile:
kima, halafu aliyeinama, halafu aliyenyooka kidogo,
halafu mtu mrefu, mweupe, anakwenda zake kulia
kama anayewahi boti ya Unguja.
Niliifunika kwa kiganja.
Nikawaambia: tazameni nje.

Mkarafuu wa Bwana Kombo umeegemezwa ngazi.
Mti unagawanyika: shina, panda, tawi, kijitawi,
hata konyo la mwisho lina vikono vyake.
Kima ni tawi la kule. Sisi la huku.
Panda tuliyotokea sote ilikwishaoza zamani,
wala haikuwa kima, wala haikuwa mtu.
Ngazi haijui hayo. Ngazi ina vidato tu,
cha chini na cha juu, kama skuli.

Yule mzee wa ndevu alichora mti.
Waliomfuata wakaegemeza ngazi,
wakaipanda wao hadi kileleni,
wakatutazama sisi tuliowashikia,
wakaandika: hawa wa chini wamekaribiana na kima.
Babu yangu alipimwa kichwa, bomani,
chuma baridi sikio hadi sikio.
Alipewa kipande cha sabuni.
Vipimo hatukupewa.

Na lile la mwenye nguvu mpishe
halikuwa lake, aliliazima kwa mwenziwe,
na cha kuazima, mnajua, hakisitiri.
Aliazima mengi: kwa wafuga njiwa,
kwa wasomaji wa miamba,
kwa kasisi aliyehesabu midomo na mikate
akaona mikate haitoshi.
Na alikuwapo mwingine, anatetemeka kwa homa
katika visiwa vya mashariki ya mbali,
akawaza lile lile, akaandika barua.
Mnajua visiwa gani?
Huko huko ilikotoka karafuu.

Harufu ya majamvi ikaingia dirishani kana kwamba imeitwa.

Faki akanyoosha mkono:
"Ami yangu asema watu wa Basra walikwisha kuyasema yote."
Walisema ya wanyama kulana, nikamjibu, na walisema vizuri.
Lakini kumtilia mtu maneno kinywani,
hata kwa mapenzi,
nako ni kuegemeza ngazi.
"Basi karafuu ni yetu au yao?"
Hilo sikulijibu. Mpaka leo sijalijibu.

Raya tena: "Na wewe waamini?"
Mimi mtu wa sala tano, mnaniona safu ya pili.
Nilisema: kwanza tujue alichokisema,
ndipo tumkubali, au tumkatalie.
Usimpige ngumi mtu wa chaki,
utaumiza mkono na ubao utabaki.
(Wakacheka. Nilikuwa nimewapa vina bila kukusudia.)

Kisha nikafungua boksi la viatu.
Ndani, ubawa wa popo wa Kidike,
aliyeangushwa na upepo wa wiki iliyopita,
ngozi imekauka, mifupa inaonekana.
Faki akasogea, akaugusa kwa ncha ya kalamu,
akahesabu kwa sauti ndogo. Vitano.
Akatazama vidole vyake, vyeusi kwa karafuu za jana,
akahesabu tena,
safari hii akianzia dole gumba.