Upinde wa Bi Eulalia

Laredo, Mei, saa nne asubuhi,
na bati la kitalu tayari linalialia kwa joto.
Bi Eulalia Treviño kaweka mkoba juu ya mizani ya mbolea:
anataka waridi la kutambaa.
Mkwewe amemchomelea upinde
kwa mabomba ya kisima kilichokauka.
Mchana, anasema, chuma hicho hakishikiki.

Nikamwonyesha la manjano, lisilo na miiba.
Halijui kiu. Lipe miaka mitatu
litameza upinde na nusu ya paa.
"Huchanua lini?"
Machi. Mara moja tu, ila kwa fujo.
"Machi sina mgeni."

Nikaleta jekundu, la nchi za baridi.
Akapapasa jani moja,
akanirudishia kopo kama chenji pungufu:
"Hili, Julai, litakuwa majani ya chai."

Basi nikaenda nyuma, penye miche isiyo na vibao,
nikatoka na la pinki iliyopauka, karibu jeupe,
miiba yake kucha za paka aliyeogeshwa.
Agosti hunyauka, nikakiri,
hujifanya maiti.
Mvua ya kwanza ya Oktoba, laamka.

"Na tarehe mbili Novemba, tukienda makaburini?"

Litakuwepo.
Si jingi, lakini litakuwepo.

Hakuuliza bei.
Akajizungushia kitambaa mkononi, akalikumbatia kopo,
na mlangoni, bila kugeuka:
"Fermín, hata hivyo,
hakuipenda kamwe rangi ya manjano."