Fatiki

Baba yangu, Ausi Nangonga, alirudi kutoka keya
na kopo la bati, mkanda usio na bizimu,
na neno moja ambalo getini hawakumpekua.

Alfajiri, kabla jogoo wa kina Somoe hajaamua,
alisimama uani mguu sawa, shuka kiunoni:
"Fatiki!"
Nasi tuliruka kutoka mkekani, Muhidini na mimi,
tukipapasa madebe gizani.

Newala ina upepo, ina ukungu,
ina Shimo la Mungu ambalo wageni huja kulipiga picha.
Maji haina. Maji yalikuwa chini bondeni:
kushuka ni kazi ya magoti,
kupanda ni kazi ya shingo.
Hiyo ndiyo fatiki ya kwanza.
Ya pili korosho, kuziokota na kuzitenga na mabibo
mpaka vidole vinanata hata kwenye daftari.
Ya tatu, kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Nilidhani ni Kimakonde.
Darasa la tano nikaliandika kwenye insha:
*Jana sikuja shule kwa sababu ya fatiki.*
Mwalimu Mkwanda akalizungushia wino mwekundu:
"Hakuna neno kama hili."
Kesho yake akanituma maji, ndoo mbili, nyumbani kwake.

Miaka mingi baadaye, chuoni Masasi,
kwenye kamusi ya Kiingereza iliyochanika jalada,
nikalikuta limekaa kwao, limevaa herufi za kwao.
Maana ya kwanza: uchovu.
Chini yake, kwa maandishi ya sisimizi:
jeshini, kazi ya askari isiyohitaji silaha,
kama kuchimba choo, kumenya viazi, kupiga deki.
Nilicheka peke yangu hadi mtunza maktaba akakohoa.

Watu ndio waliosema Baba alipigana.
Yeye, akiulizwa, alikuwa akihesabu:
"Bunduki niliishika siku kumi na moja.
Sururu, miaka minne."

Wenye neno waliipa kazi jina la maumivu yake.
Lilipofika kwetu, maumivu yalikuwa yamedondoka njiani,
tukapokea kazi tupu.
Ulikwenda fatiki. Ulipangiwa fatiki. Ulikwepa fatiki, ukachapwa.
Lakini kusema *nina fatiki*, hapana,
hakuna aliyesema hivyo nyumbani kwetu.
Kuchoka kulibaki kwa Kiswahili,
na ruhusa yake haikutolewa.

Na Mama?
Nimepekua kichwa changu chote,
sioni siku hata moja aliyoitiwa fatiki.
Neno lilipopasuka uani
yeye alikuwa tayari anapanda mlima,
debe kichwani, kata imelowa, maji yakimtiririka sikioni.
Tulipishana naye kwenye kona yenye mawe.
Hakusimama. "Kimbieni, foleni imeshafika kwenye mianzi."
Basi.
Ile ya kwake iliitwaje?
Siku ile chuoni nilirudi kwenye kamusi, nikaitafuta.
Nilikuwa sijui hata nianzie herufi gani.

Sasa bomba limefika mtaani kwetu,
hutoa maji Jumanne, likikumbuka.
Binti yangu Salha, miaka tisa,
amelirithi neno bila debe.
Juzi kanijia na simu yangu, kioo cheusi:
"Mama, simu ina fatiki."

Nilikuwa nasahihisha madaftari,
kalamu nyekundu i mkononi,
ulimi umeshainuka kusema *hatusemi hivyo*.
Mtoto hajui Kiingereza zaidi ya rangi na siku za juma.
Hakuna aliyemwonyesha njia,
naye amelichukua neno la babu yake
akalirudisha hadi mlangoni kwao,
kwenye ile maana iliyodondoka.

Nikaiweka kalamu.
Nikaichukua simu, nikaichomeka ukutani.
"Iache," nikamwambia. "Iache ilale."