Nywele za Nyegere

Brashi ililetwa na mjomba Mlekwa kwa treni,
imeviringishwa gazeti, ikakazwa kwa mpira wa baiskeli.
"Nywele za nyegere," akasema, "ila nyegere wa Ulaya,
huyo hajui mzinga."
Baba hakucheka. Nyegere wa kwetu Sikonge
alimwangushia mizinga tisa msimu mmoja
akalamba hadi masega.

Leo binamu wa yule mwizi ananifanyia kazi hapa Isevya,
juu ya mlango wa chuma wa Mama Kalunde
ambaye anataka mninga,
bei ya mninga haitaki.

Rangi ya chini: kiini cha yai la kienyeji.
Juu yake hudhurungi niliyoipunguza kwa mafuta ya taa,
nyepesi kama chai ya msibani.
Kitana cha mpira kinapita, kinayumba kidogo, nakiacha kiyumbe.
Kisha brashi ndefu: naupigapiga mlango
kama anayefukuza nzi
usoni pa mtoto aliyelala.
Mwisho nyegere. Huyo hagusi,
anapuliza tu, na mistari inasahau
kwamba ilichorwa.

Fundo ndilo gumu.
Fundo ni mahali pa tawi, na hapa hapana tawi,
lakini lazima nijiulize lilielekea wapi,
lilibeba mzinga au halikubeba.
Nikikosea, jicho la mtu litajikwaa
bila yeye kujua limejikwaa na nini.

(Nguzo za marumaru nilizimaliza juzi
kwa unyoya wa kanga. Mshipa wa jiwe
usinyooke kama reli ya Mpanda;
utetemeke, kama mkono wa mtu
aliyeamka na homa.)

Jumamosi tukaupakia kwenye Kenta, safari ya Urambo.
Kizuizini bwana misitu akazunguka gari mara mbili.
"Kibali cha mninga huu kiko wapi?"
Nikampa risiti: rangi lita nne, vanishi, msasa.
Akadhani namdharau.
Akagonga kwa ufunguo. *Ngwee.*
Akagonga tena, chini, penye fundo.
Akainama akaunusa.
Halafu, polepole, akauliza
mlango wa choo ni shilingi ngapi.

Nimerudi, naiosha brashi kwa sabuni ya kipande,
naichana, naitundika kichwa chini.
Unywele mmoja umebaki Urambo, ndani ya vanishi,
juu kidogo ya kitasa.
Niliuona kabla haujakauka.
Nikauacha: nyegere
hajawahi kupita mahali
asiache alama.