Herufi Zilizochanganyikiwa

Mashini ya baba ilizimika Jumanne usiku,
ukurasa wa arobaini na moja, katikati ya neno *chumvi*.
Nilikuwa naandika juu ya maji ya visima vya Bahi.
Kioo kikawa cheusi, nikajiona ndani yake
na kilemba changu cha kulalia, mdomo wazi.

Jumamosi nikashuka kutoka Ng'ong'ona
na laki nne na themanini ndani ya soksi,
pesa ambayo kaka yangu Égide aliibadilisha mara mbili
kabla haijanifikia,
na kila mara ikapungua kama sabuni.

Barabara ya Saba. Upepo wa Agosti
unakupaka vumbi mpaka kwenye meno.
Duka la kwanza nikasema, kama tusemavyo Buyenzi:
"Nataka mashini."
Kijana akanyoosha kidole: "Mashine ziko Majengo, dada,
wanakoboa, wanasaga."
Duka la pili nikasema "kompyuta mpakato",
Kiswahili cha darasani, nimekipiga pasi;
muuzaji akamwita mwenzake aje anisikie.
Duka la tatu: "Laptopu."
Bei ikatoka.
Kisha: "Kwani wewe umetoka wapi?"
"Bujumbura."
Bei ikapanda ngazi.

Sisemi wana roho mbaya. Walinipa kiti,
walinipa na kishada cha zabibu, zikiwa za moto kwa jua.
Ila lafudhi yangu hulipiwa ushuru
kila inapovuka mdomo.

Kwa hiyo duka la nne niliingia na neno moja tu,
Kigogo changu chote:
"Mbukwa."
Ndahani akaitika mbukwa, akaendelea kufuta vumbi
kwa mswaki wa meno, herufi moja baada ya nyingine.

Rafu ya chini kabisa niliiona,
imevikwa nailoni, ina kibandiko cha shule fulani ya Ufaransa.
"Hiyo sikudanganyi," akasema. "Nzima. Betri saa nne.
Lakini herufi zake zimechanganyikiwa.
A imekalia kiti cha Q, M imekimbilia pembeni,
hata ukitaka nambari lazima ubembeleze.
Watu wanajaribu majina yao, yanatoka matusi.
Ina miezi sita hapo."

Nikaweka vidole.
Vidole vilifika kabla yangu.
Vilijua mlango, vilijua taa iko ukuta upi,
vilikaa walipokaa vya baba,
karani wa bandarini, aliyeandika barua za watu
huku akiangalia dirishani.

Nilipaswa kusema: ndugu yangu, haijachanganyikiwa.
Hii iko sawa kwao.
Badala yake nikakunja uso
kama mtu anayenusa samaki wa jana.
"Laki tano," akasema.
"Nne."
Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.
"Nne na nusu, kwa sababu ya huo ulemavu."
Akaongeza chaja, akaongeza mkoba, na kwa huruma kabisa,
akinifungulia mlango:
"Utazoea, dada."

Utazoea.
Miaka miwili naambiwa neno hilo:
kuhusu mlenda, kuhusu maji ya mgao,
kuhusu usiku wa Julai unaouma mifupa
kwenye mji nilioambiwa ni jangwa.
Mara hii tu nilitaka kucheka.

Chuoni jina langu limeandikwa bila alama yake.
Wananiita Media, kama redio.
Usiku nikawasha, nikatafuta pale chini ya mbili:
*é* ilikuwepo, inanisubiri bila kulalamika.
Nikaandika Médiatrice. Mara moja. Nikafuta.
Kisha nikafungua ukurasa wa arobaini na moja,
*chum*, na nikamalizia: *vi*.

Elfu thelathini zilizobaki
bado ziko ndani ya soksi.
Nimevua kiatu.
Zinawasha.