Jiko Nimezima

Watu huniuliza, hasa harusini,
sahani ya pilau mkono mmoja, wa pili begani kwangu:
"Wewe uliyeona mengi, kibaya zaidi ni kipi?"
Wanataka damu. Mimi huwapa ngazi.
Ngazi za Pipeline, ghorofa ya saba, lifti haijazaliwa,
mzee wa kilo tisini na tano ndani ya blanketi,
Musembi chini akishuka kinyumenyume,
mimi juu nikimhesabia vidato,
na kila mlango una mtu anayechungulia, anasema pole,
anarudi ndani.
Si ubaya. Pole nayo ni kitu.
Lakini haishiki pembe ya blanketi.

Anwani zetu hazina namba.
"Ukipita mashine ya kusaga, si ile ya kwanza,
ile iliyofungwa, ulizia Mama Nekesa."
Nimewahi kumfikia mgonjwa wa moyo
kwa kufuata harufu ya mandazi.
Nimewahi pia kuchelewa dakika nne,
kwa kuwa mtaa ule ulikuwa na mashine mbili zilizofungwa.

Kuhusu king'ora nina maoni, lakini niyafupishe.
Pale Donholm dereva mmoja alishusha kioo:
"Mnakimbilia chai?"
Nyuma yangu kulikuwa na kichanga cha kilo moja na robo.
Na daima kuna gari kubwa jeusi
linalotuganda nyuma kama kupe, lipite tunapopita.
Ila kuna yule wa bodaboda, Jumanne ya mvua,
aliyeshuka akapiga boneti moja baada ya nyingine kwa kiganja,
akatufungulia Barabara ya Jogoo kama zipu.
Sikumjua jina.
Tangu siku hiyo, watu wa boda wakisemwa, mimi hunyamaza.

Mkitaka kweli, kibaya ni sufuria.
Mtu yuko sakafuni, midomo imebadilika rangi,
na maji ya ugali yanatokota, yanangoja unga.
Hayajaambiwa.
Chuoni walitufundisha: njia ya hewa, pumzi, mapigo.
La nne nimeliongeza mwenyewe.
Nazima jiko.

Kwa maana garini, kabla hatujafika Mama Lucy,
hunishika kifundo cha mkono.
Ungedhani watauliza kama watakufa.
"Jiko?"
"Nimezima."
"Na mlango?"
"Yupo jirani."
Vidole hulegea, na wakati mwingine
hata namba kwenye mashine hutulia.
Dawa hiyo haimo kwenye kabati letu.

Usiku mmoja, Kayole, Bi Zipora Kageha aliniuliza.
Nikasema nimezima.
Sikuwa na hakika.
Nilimkabidhi, nikanawa, nikajaza fomu,
na kila nilipoandika nilisikia gesi.
Saa nane nikamwambia Musembi turudi.
Hakuuliza. Alikata usukani tu.
Redio: "Mko wapi?"
"Tunaweka mafuta," akajibu, yeye ambaye hata umri wake hadanganyi.

Mlango ulikuwa wazi. Kijana wa jirani,
miaka kumi, labda kumi na moja,
yuko kwenye kigoda, anakoroga maharagwe.
"Mliyaacha yakiungua," alisema, bila hasira.
"Nikaongeza maji. Akirudi atayakuta."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimetia sahihi saa sita kasoro.
Nilitafuta sentensi, sikuipata,
na kijana alikuwa na mwiko mkononi.
Akatupakulia kwenye kifuniko.
Chumvi hakuna. Tukala tumesimama,
tena tukamaliza.

Redio ikaita: Njiru, mama ameanguka bafuni,
karibu na mashine ya kusaga.
Musembi akafuta mdomo, akabonyeza kitufe:
"Ile iliyofungwa?"