Haijasoma

Kidole gumba cha Bi. Siwatu hakisomeki.
Miaka kumi na tisa ya kuponda kokoto Kunduchi
imekilainisha kama kipande cha mwisho cha sabuni.
"Futa jasho, mama. Bonyeza tena."
Haijasoma.
Akakipangusa kwenye khanga, akakipuliza
kama anayepooza uji wa mtoto.
"Tena, mama."

Mara ya nne ilisoma.
Nami nikasema, haijasoma.

Ni hapo tu. Mengine yote ninayoandika
ni vumbi lililotua juu ya hapo.

Mbonyezo wa tano ukazaa laini ya pili, kwa jina lake,
ya mtu aliyenipa elfu tatu na hakunipa jina.
Elfu tatu: chipsi kavu, soda, nauli ya kurudi.

Baada ya miezi miwili laini ile ikaanza kusema na mji:
*Ile hela tuma kwenye namba hii.*
Wengi walicheka wakafuta. Huko Mbezi
mstaafu mmoja, aliyekuwa anadaiwa kweli
na fundi wake wa bati,
akatuma.

Walimfuata Bi. Siwatu machimboni, nyundo ingali mkononi.
Serikali inakijua kidole chake
kuliko inavyomjua mwenyewe.

Siku tatu. Kilichomtoa ni mnara.
Mnara ulisema laini ile hulala Tandale
na simu ya mama hulala Mtongani, kila usiku,
haijawahi hata mara moja kukosea mto.
Jicho lililomfunga ndilo lililomfungua.
Nilitaka kushukuru, nikakosa wa kumshukuru.

Akapita kwenye mwavuli wangu. Hakujua.
Au alijua.
"Simu wamenirudishia. Wameisoma yote.
Hata zile meseji za marehemu, alizonitumia akiwa Muhimbili,
nilizokuwa nasoma taa nimezima.
Kijana mmoja pale kaunta akaniita kwa lile jina
alilokuwa akiniita marehemu peke yake."
Akanyamaza.
"Ana adabu, lakini. Hakucheka."

Nikamwonyesha namna ya kuhakiki laini zilizo kwenye jina lake.
Ile ya pili haikuwepo tena.
Nikamwambia, mama, tuifunge simu yako,
wezi ni wengi. Ndivyo nilivyosema: wezi ni wengi.
Tuweke kidole?

"Kidole hapana. Kidole kimeshakuwa cha watu."

Basi namba nne, nikasema, usimwambie mtu.
"Hata wewe?"
Hata mimi.

Akaifunika simu kwa khanga, akainama
kama mtu anayewasha kiberiti kwenye upepo.
Nikageukia machimbo.
Nyundo zilikuwa zinagonga; nikazihesabu kwa sauti
nisije nikasikia
vile vibonyezo vinne.